Mtakatifu Maria Goretti

Maria Goretti alizaliwa tarehe 16 Oktoba mwaka 1890, katika mji mdogo wa Corinaldo, nchini Italia. Corinaldo ni mji wa kale uliojengwa juu ya kilima. Ukuta wa mawe unauzunguka, na chini yake kuna mashamba. Baba yake aliitwa Luigi Goretti, na mama yake Assunta Carlini. Kesho yake tu mtoto akabatizwa, maana wakristu wale hawakupenda kukawia. Mama Assunta alizaa watoto saba. Wa kwanza alikufa angali mchanga, kwa hiyo Maria alikuwa na kaka mmoja tu, Angelo. Wengine wote walikuwa wadogo zake.

Luigi na Assunta walikuwa maskini. Shamba lao lilikuwa dogo, na watoto walipoongezeka halikuweza kuwalisha wote. Assunta mwenyewe alikuwa amekulia yatima, hakujua kusoma wala kuandika. Hakuwa na mali ya kuwarithisha watoto wake, ila sala alizozijua kwa moyo na mikono miwili ya kazi. Maria alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, wazazi wakaacha nyumba yao na ndugu zao, wakaenda mbali kutafuta kazi katika mashamba ya watu wengine. Kwanza walikaa upande wa Paliano. Halafu, mwaka 1899, wakahamia mahali panapoitwa Le Ferriere, kusini ya mji wa Roma, karibu na bahari.

Nchi ile ilikuwa tambarare yenye matope na maji yasiyotembea. Udongo ulizaa vizuri, lakini mbu walikuwa wengi mno, na homa ya malaria iliwaua watu kila mwaka. Ilikuwa miaka ileile ambamo waganga walitambua kwamba malaria huletwa na mbu. Mwingereza mmoja, Ross, alilionyesha jambo hilo mwaka 1897, na Mwitalia mmoja, Grassi, akalithibitisha mwaka 1898. Lakini elimu hiyo ilikuwa haijafika kwa wakulima wa Le Ferriere. Wao waliona tu watu wakitetemeka, wakalala, wakafa.

Shamba lilikuwa mali ya tajiri mmoja. Luigi alilima, na mavuno yaligawanywa kati yake na mwenye shamba. Kazi ilikuwa kubwa kuliko nguvu za mtu mmoja. Kwa hiyo Luigi akakubali kushirikiana na mwanamume mwingine, jina lake Giovanni Serenelli, aliyefiwa na mke wake. Serenelli alikuja na kijana wake, Alessandro. Jamaa hizo mbili zikakaa katika nyumba moja ya ghorofa, nyumba ya kale ya mawe. Kila jamaa ilikuwa na vyumba vyake, lakini jiko lilikuwa moja, moto mmoja, na ngazi ya kupandia moja.

Baada ya muda Luigi akashikwa na malaria. Kabla ya kufa alimshauri mkewe awachukue watoto, arudi nao Corinaldo. Labda aliona kitu katika tabia ya wale Serenelli kisichompendeza. Akafariki tarehe 6 Mei mwaka 1900. Assunta alitamani kurudi kwao, lakini hakuweza. Deni lilikuwapo, mavuno yalikuwa bado shambani, na watoto walikuwa sita. Ikambidi kubaki.

Hapo maisha ya Maria yakageuka. Alikuwa hajatimiza miaka kumi. Mama akashika jembe mahali pa baba, na Maria akashika nyumba mahali pa mama. Asubuhi alichota maji, akawasha moto, akapika. Alifagia, alifua, alishona nguo zilizopasuka, alimbeba mdogo wake wa mwisho, Teresa, aliyekuwa bado mtoto wa kunyonya. Tena aliwapikia na kuwafulia Serenelli wote wawili, kwa sababu nyumbani mwao hapakuwa na mwanamke. Watoto wengi wa nchi ya Kongo wanaijua kazi ya namna hiyo, hasa wasichana, na wanajua jinsi mgongo unavyouma jioni.

Maria hakupata nafasi ya kwenda shule. Alijifunza katekisimu kwa kusikiliza tu, akayashika maneno kichwani mpaka akapokea Komunyo ya kwanza. Mara kwa mara alikwenda Nettuno, mji wa pwani ulio mwendo wa kilometa kama 11, kuuza mayai na njiwa. Husimuliwa kwamba siku moja mwenye duka alimpa tufaha na mkate mtamu, naye hakula, akaviweka kwa ajili ya wadogo zake. Majirani walimpenda. Alikuwa msichana wa furaha, mwenye nywele nyingi, asiyependa kugombana. Wasomaji wasifikiri kwamba mtakatifu ni mtoto mwenye huzuni anayetazama mbinguni mchana kutwa. Angefanya hivyo, chakula kingeungua.

Sasa ni lazima kusema habari za Alessandro Serenelli. Mwaka 1902 alikuwa na miaka 20. Mama yake alikufa zamani, na baba yake alipenda divai. Tangu utoto alifanya kazi kati ya wanaume wakali, bandarini na baharini, bila mtu wa kumfundisha. Alijua kusoma, jambo ambalo Goretti wengi hawakulijua, lakini alisoma magazeti yaliyojaa habari za mauaji na uchafu, akabandika picha zake ukutani mwa chumba chake. Hakuwa mlevi kama baba yake, wala hakuwa mvivu. Alikwenda Misa, alisali rozari pamoja na wengine jioni. Mtu akimtazama kwa nje angesema ni kijana mwema, mnyamavu kidogo.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa. Watu huwaonya watoto juu ya mgeni anayesimama njiani karibu na pori, na ni kweli, njiani yafaa kuwa macho, kutembea wawili au watatu, na kurudi kabla ya giza. Lakini hatari ya Maria ilikaa naye mezani, ikala chakula alichokipika, ikavaa shati alilolifua. Alessandro alikuwa mtu wa nyumbani. Watoto wadogo walimzoea kama kaka.

Katika mwaka 1902, siku ambayo wengine hawakuwapo, Alessandro alimwambia Maria maneno machafu, akataka atende naye jambo ambalo mwanamume hana ruhusa ya kulitaka kwa mtoto. Maria akakataa, akakimbia. Siku nyingine akajaribu tena, akamshika. Maria akajitoa mikononi mwake. Ndipo Alessandro akamtisha: akimwambia mama yake, atamwua.

Maria akanyamaza. Hakumwambia mama, wala Angelo, wala padri. Alikuwa na hofu ya kuuawa, na labda alihofu pia kwamba mama mwenye taabu nyingi atapata taabu nyingine, na kwamba Serenelli watawafukuza katika nyumba. Tena aliona haya kutamka mambo yale. Lakini alimsihi mama yake asimwache peke yake nyumbani. Alimwomba zaidi ya mara moja. Assunta hakuelewa. Alidhani ni mambo ya kitoto, naye shambani kazi ilikuwa inamngoja. Basi Maria akaendelea kupika na kushona karibu na mtu aliyemtisha, huku amebeba siri yake peke yake.

Hakuna mtu mwenye haki ya kumlaumu Maria kwa kunyamaza. Aliyelaumiwa mbele ya Mungu ni yule aliyemfunga mdomo. Mtu mkubwa anayemwambia mtoto asiseme kwa mama yake, huyo anajua kwamba alilolitenda ni baya, ndiyo maana analificha. Na ahadi ya kunyamaza iliyotolewa kwa kuogopa kisu au fimbo, ili uovu ufichwe, haimfungi mtoto hata kidogo. Anaweza kuivunja saa ileile bila dhambi yoyote. Anaweza kumwambia mama, baba, nyanya, mwalimu, au sista. Na kama wa kwanza hakuelewa, kama Assunta alivyokosa kuelewa, aseme tena kwa maneno ya wazi, au amwambie mwingine, mpaka apatikane mtu wa kumsikiliza. Ni vilevile kwa wavulana. Ni vilevile ikiwa anayewatisha ni mjomba, au mwalimu, au hata mtu wa kanisa. Nao wazazi wakisikia mtoto anaomba asiachwe na mtu fulani, waweke jembe chini kwanza, wamwulize sababu. Assunta alikuwa mama mwema sana, lakini nafasi hiyo ilimpita, naye aliilia muda mrefu.

Ikafika tarehe 5 Julai mwaka 1902, siku ya Jumamosi. Jua lilikuwa kali. Baada ya chakula cha mchana watu wote walitoka kwenda kiwanjani kupura maharagi. Kwa desturi ya kule, maharagi makavu yalitandazwa chini, na ng'ombe wakavuta gari kulizungusha juu yake, ili maganda yapasuke. Kazi hiyo ina kelele: magurudumu yanalia, watu wanawapigia ng'ombe kelele, watoto wadogo wanashangilia juu ya gari. Mzee Serenelli alikuwa na homa, akalala kivulini chini ya ngazi.

Maria alibaki juu, kwenye baraza ndogo mwisho wa ngazi. Alikaa pale nje, mahali pa kuonekana, na Teresa amelala karibu yake. Mkononi alikuwa na shati la Alessandro, ambalo Alessandro alimwagiza alishone siku ileile.

Kisha Alessandro akamwomba Assunta ashike kamba za ng'ombe mahali pake, akasema ana jambo la kuchukua nyumbani. Assunta akashika. Alessandro akapanda ngazi, akampita Maria, akaingia ndani, akatwaa chuma chenye ncha kali kama kile cha fundi wa viatu. Akamwita Maria aingie jikoni. Maria akauliza anamwitia nini, akakataa kuondoka mahali pake. Akaitwa tena, akakataa tena. Ndipo Alessandro akamkamata mkono, akamvuta ndani kwa nguvu, akafunga mlango.

Maria alipiga kelele kwa mama yake. Alipigana kwa mikono na miguu. Alimwambia Alessandro kwamba Mungu hataki jambo lile, na kwamba ni dhambi itakayompeleka motoni. Hata katika hatari ile aliwaza pia roho ya yule aliyemshambulia. Lakini kelele za gari na ng'ombe zilifunika sauti yake, na kule kiwanjani hakuna aliyesikia. Alessandro alipoona hawezi kumshinda, akashikwa na hasira, akamchoma kwa chuma kile mara 14. Hakuna haja ya kusimulia zaidi. Halafu akakimbilia chumbani mwake, akajifungia.

Aliyewaita watu ni Teresa. Mtoto yule mdogo aliamka akalia sana juu ya baraza, akiwa karibu kuanguka. Assunta akatazama, asimwone Maria karibu yake, akamtuma mmoja wa watoto kwenda kumwangalia. Mzee Serenelli naye akapanda ngazi. Wakamkuta Maria chini jikoni. Alikuwa bado na akili zake zote, akasema wazi ni nani aliyemchoma, na kwa sababu gani.

Siku hizo hapakuwa na motokari huko. Maria akachukuliwa kwa gari la farasi mpaka hospitali ya Nettuno, njia mbaya yenye mashimo. Polisi wakamkamata Alessandro, wakamchukua mbio, kwa maana majirani walikuwa wamekusanyika na walitaka kumwua. Hospitalini waganga wakampasua Maria ili kujaribu kuokoa maisha yake, bila dawa ya kumlaza. Alikuwa na kiu kali, lakini kwa sababu ya vidonda vya tumboni hawakuweza kumpa maji hata kidogo.

Hapo kitandani, mama yake alisikia kwa mara ya kwanza habari zote. Maria akamwambia kwamba Alessandro alikuwa amejaribu mara mbili kabla ya siku ile. Assunta akauliza kwa machozi kwa nini hakumwambia. Maria akajibu kwamba Alessandro aliapa kumwua akisema. Naye ameniua hata hivyo, ndivyo mama angeweza kuwaza katika moyo wa mtoto wake. Kunyamaza hakukumwokoa Maria. Kulimpa Alessandro nafasi ya tatu.

Kesho yake, Jumapili tarehe 6 Julai, padri alimletea Komunyo. Akamkumbusha jinsi Bwana Yezu alivyowasamehe waliomsulibisha, akamwuliza kama naye anamsamehe Alessandro. Maria akasema anamsamehe kwa ajili ya Yezu, na anataka awe pamoja naye mbinguni. Saa chache baadaye, mchana wa siku hiyo, akafariki. Umri wake ulikuwa miaka 11, miezi 8 na siku 20.

Tangu siku hizo watu wengi wamesimulia habari za Maria Goretti, na wengine wamezisimulia vibaya. Wamesema kana kwamba msichana akishindwa nguvu, amepoteza usafi wake, na kwamba ingekuwa heri afe. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Mwaka 410 mji wa Roma ulitekwa, na askari wakawatendea jeuri wanawake wengi, hata masista. Watu wengine wakaanza kuwadharau wanawake hao. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, akawatetea katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu. Alionyesha kwamba usafi unakaa katika utashi wa mtu. Mwili ukishikwa kwa nguvu na roho haikukubali, dhambi yote ni ya yule aliyeshika.

Kwa hiyo, kama Alessandro angemshinda Maria jikoni mle, Maria asingekuwa na doa hata moja mbele ya Mungu. Na kama hofu ingemkausha ulimi asiweze kupiga kelele, au ingemfunga miguu asiweze kupigana, kama inavyowapata wengi, bado asingekuwa na kosa. Mtoto aliyepatwa na jambo hilo akabaki hai, Mungu amefurahi kwamba yu hai. Hana sababu ya kujificha. Anastahili kupelekwa upesi kwa mganga, siku ileile ikiwezekana, na kuaminiwa anaposema. Maria anaheshimiwa kwa sababu alimpenda Mungu katika maisha yake yote madogo, alikataa uovu kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na alisamehe alipokuwa anakufa. Wengine walikataa vilevile, wakashindwa nguvu, wakaishi. Nao wanaheshimiwa.

Na msamaha haukufunga mlango wa mahakama. Maria alisema wazi jina la aliyemchoma, na hakuna aliyemwambia afiche ili jamaa mbili zipatane. Mwaka uleule wa 1902 Alessandro alihukumiwa. Kwa kuwa sheria ya Italia ya siku zile ilimhesabu mtu wa chini ya miaka 21 kuwa hajakomaa, hakupewa kifungo cha maisha. Alipewa miaka 30. Hakuna mbuzi wala fedha zilizopokelewa ili mambo yaishe kimyakimya.

Alessandro alikaa gerezani huko Noto, katika kisiwa cha Sisilia. Mwanzoni moyo wake ulikuwa mgumu kama jiwe. Hakujuta, hakutaka kumwona padri. Baada ya miaka kadhaa akaota ndoto. Alimwona Maria katika bustani, akichuma maua meupe na kumpa mkononi. Alipoamka akawa mtu mwingine. Askofu wa Noto, Giovanni Blandini, alikuwa amekuja kumtembelea gerezani, na Alessandro akamwandikia kuungama ubaya wake na kuomba msamaha wa Mungu. Tangu hapo alifanya kazi yake ya kifungo kwa utulivu, akaachiliwa mwaka 1929, baada ya miaka 27.

Wakati huo Assunta alikuwa amekwisha kurudi Corinaldo na alikuwa akifanya kazi nyumbani mwa padri wa parokia. Baada ya miaka kadhaa, wakati wa Noeli, mtu mmoja akabisha mlangoni. Alikuwa Alessandro, mwenye nywele za mvi. Alipiga magoti akaomba msamaha. Assunta akamjibu kwamba Maria alimsamehe, na Mungu alimsamehe, basi naye anamsamehe. Wakaenda pamoja kanisani wakapokea Komunyo, na watu wa Corinaldo wakatazama wasiamini macho yao. Wengine wanadhani kusamehe namna hiyo ni jambo jepesi kwa watu wa dini. Si jepesi. Assunta alikuwa amengoja zaidi ya miaka 30, na hakuna padri aliyemlazimisha kufanya haraka. Wala hakumsamehe ili watoto wengine waachwe mikononi mwa mtu wa hatari. Alessandro alikwisha maliza kifungo chake, akakubali kosa lake bila kumsingizia Maria hata neno moja. Mapadri walipochunguza maisha ya Maria, yeye mwenyewe alitoa ushahidi kwamba Maria alimkataa kila mara.

Papa Pio XII alimtangaza Maria kuwa mwenye heri tarehe 27 Aprili mwaka 1947, na mtakatifu tarehe 24 Juni mwaka 1950. Siku ile ya mwaka 1950 watu walikuwa wengi mno hata Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma halikuweza kuwapokea, ikabidi ibada ifanyike nje katika uwanja. Assunta alikuwapo. Alikuwa mzee sana na miguu haikumsaidia tena, lakini aliona na kusikia kila kitu, pamoja na watoto wake waliobaki. Ni nadra sana kwamba mama yu hai siku ambayo mtoto wake anatangazwa mtakatifu.

Assunta alikufa mwaka 1954 huko Corinaldo. Teresa, yule mtoto aliyelia juu ya baraza, alikuwa amekuwa sista. Alessandro alikaa kwa Ndugu Wakapuchini kama mfanyakazi wa bustani na mlinzi wa mlango, akafa Macerata tarehe 6 Mei mwaka 1970. Mwili wa Maria umelazwa katika kanisa la Nettuno, na sikukuu yake ni tarehe 6 Julai.

Yale matope ya Le Ferriere yalikaushwa katika miaka ya 1930, na malaria imetoka katika nchi ile. Lakini nyumba ya mawe ingali imesimama. Mahujaji hufika huko, wakapanda ngazi ileile, wakasimama kwenye baraza ambapo msichana alikuwa amekaa akishona shati, mdogo wake amelala kando, kabla ya kuingia jikoni.